Mtani Mbele ya Jeneza: Kejeli ya Viongozi katika Vichekesho vya Televisheni na Mipaka ya Utani

Wahakiki wa vichekesho vya televisheni katika Afrika Mashariki wamezoea kuanza na swali moja: je, kicheko humtikisa mtawala au humsaidia kutawala? Wanaoegemea upande wa kwanza humtaja Mikhail Bakhtin na nadharia yake ya karnivali, ambamo wanyonge huigeuza dunia juu chini kwa siku chache na kumvika mjinga taji la mfalme. Wanaoegemea upande wa pili humtaja Achille Mbembe, anayeona kwamba mtawala wa baada ya ukoloni na raia wake wanaishi katika nyumba moja, wanacheka vitu vilevile, na kwa kucheka huko wanadhoofishana bila yeyote kushinda. Nadharia zote mbili zina manufaa. Hata hivyo, moja ilizaliwa kutokana na usomaji wa Rabelais, na nyingine, kwa kiasi kikubwa, kutokana na Kameruni. Hadhira ya Kwamsisi, iwe ile ya Handeni au ile ya Korogwe, haikumngoja Bakhtin ili ijue namna ya kumcheka mkubwa mbele ya macho yake. Ilikuwa na utani.

Makala haya yanavisoma vichekesho vya televisheni kwa kipimo hicho cha utani. Mfano mkuu ni kundi lililofahamika kwanza kwa jina la Ze Comedy na baadaye Ze Orijino Komedi. Vipindi viwili vya Kenya, Redykyulass na The XYZ Show, vinaletwa kwa ajili ya ulinganishi. Kinachochunguzwa ni jinsi vichekesho vinavyomshughulikia kiongozi anapokabiliwa na janga, liwe njaa, mgawo wa umeme, kashfa ya fedha za umma au maradhi. Dai linalojengwa ni kwamba utani umevipa vichekesho vya Tanzania ruhusa ya kusema, na papo hapo umeviwekea mpaka wa kinachosemeka. Na kwamba mpaka huo huonekana vizuri zaidi mtazamaji anapoketi Kwamsisi kuliko anapoketi Mikocheni, zilipo studio.

Istilahi inahitaji tahadhari kidogo. Katika vitabu vingi vya shule nchini Tanzania, tashtiti ni tamathali ya kuuliza swali ambalo jibu lake linajulikana. Kwa wahakiki wengine, wakiwamo wa Kenya, tashtiti ni sanaa ya kukejeli maovu ya jamii kwa nia ya kuyarekebisha. Mgogoro huo ni wa siku nyingi na hautatatuliwa hapa. Neno linalotumika katika makala haya ni kejeli, kwa maana hiyo ya pili.

Ruhusa ya mtani

R. E. Moreau, mtafiti wa ndege aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, alichapisha katika miaka ya 1940 makala kuhusu utani wa Tanganyika ambazo hadi leo hazikwepeki. Ni jambo la kufurahisha kwamba mojawapo ya kazi za mwanzo kuhusu suala hili iliandikwa na mtu aliyeajiriwa kwa ajili ya elimu nyingine kabisa, tena mwendo mfupi tu kutoka Korogwe. Moreau alionyesha kwamba utani baina ya makabila mara nyingi unahusishwa na vita au safari za zamani: aliyekuwa adui jana akawa mtani leo, na matusi yakachukua nafasi ya mishale. M. M. Mulokozi, katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi (1989), aliyaweka malumbano ya watani katika mazungumzo, mbali na maigizo. Utenganisho huo unafaa kwa kazi ya uainishaji, lakini mtani wa msibani huuvuka bila kuomba radhi. Yeye hulumbana na kuigiza kwa pumzi moja.

Mtani huyo anastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndiye babu wa mchekeshaji wa televisheni. Familia iko katika kilio. Mtani anaingia, analala juu ya jeneza au anaketi ukingoni mwa kaburi, anazuia majembe, anaiga mwendo wa marehemu, kikohozi chake, namna alivyokuwa akikopa na kutolipa. Hakuna anayekasirika, au tuseme hakuna mwenye haki ya kukasirika. Anatupiwa sarafu, anainuka, mazishi yanaendelea. Ruhusa yake haitokani na ukweli wa anayoyasema. Inatokana na uhusiano uliokuwapo kabla ya msiba. Asiye mtani akisema maneno yaleyale, hata kama ni ya kweli kuliko ya mtani, amemtukana maiti.

Kuna jambo lingine ambalo waandishi wa utani hawalitilii mkazo wa kutosha. Mtani haulizi marehemu alikufaje. Haulizi kama zahanati ilikuwa na dawa, wala kama mgonjwa alibebwa kwa machela kilomita ngapi kabla ya kufika barabarani. Anamwiga marehemu na anawadhihaki wafiwa, lakini chanzo cha kifo kimo nje ya mamlaka yake. Akianza kukiuliza, amekuwa shahidi, na shahidi hatupiwi sarafu. Tofauti hiyo baina ya mtani na shahidi ndiyo itakayorejewa mara kwa mara hapa chini.

Jukwaa, redio, televisheni

Historia ya vichekesho nchini Tanzania imeandikwa na wengine, na inatosha kuipitia kwa haraka. Vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam katika miaka ya 1980 na 1990 viliweka kichekesho kati ya ngoma, sarakasi na maigizo marefu katika onyesho moja la usiku, kama Laura Edmondson (2007) anavyoeleza kwa kirefu. Radio Tanzania ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi. Televisheni ilichelewa: Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Katika kipindi hicho cha kusubiri, kejeli ya moja kwa moja dhidi ya uongozi iliishi zaidi katika maandishi kuliko jukwaani, na hata huko haikuwa na njia nyepesi. Tamthiliya ya Euphrase Kezilahabi, Kaptula la Marx, iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na ikasubiri takribani miaka ishirini kabla ya kuchapishwa.

Mkoa wa Tanga haukuwa mtazamaji tu katika historia hii. Amri Athumani, aliyejulikana nchi nzima kama King Majuto, alikuwa mtu wa Tanga, na hadi kifo chake mwezi Agosti 2018 alibaki kuwa kipimo cha mchekeshaji wa Kiswahili. Majuto, hata hivyo, hakuwa mchekeshaji wa viongozi. Mada zake zilikuwa nyumba, ndoa, tamaa na ujanja mdogo wa mjini. Kundi la Ze Comedy, lililoanza kurushwa na EATV katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, lilipanua mipaka hiyo. Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Wakuvanga, MacRegan na Vengu walichukua kichekesho cha jukwaani wakakitia katika umbo la televisheni yenyewe: wakaiga watangazaji, wakaiga mahojiano, wakaiga watu mashuhuri. Kabla ya muongo kwisha walikuwa wamehamia TBC1, televisheni ya taifa. Jina la kwanza halikuhama nao, na ndipo Ze Orijino Komedi ilipozaliwa.

Miaka ya kuzaliwa kwa kundi hilo inafaa kukumbukwa. Serikali ya awamu ya nne ilikuwa imeingia madarakani mwishoni mwa 2005 kwa ahadi ya maisha bora kwa kila Mtanzania. Mwaka 2006 ukaja ukame, mabwawa yakapungua maji, umeme ukawa wa mgawo, na mkataba wa dharura wa Richmond ukasainiwa. Mkataba huohuo ndio uliomfanya Waziri Mkuu ajiuzulu mwezi Februari 2008. Kicheko cha televisheni kilikua sambamba na lugha mpya ya hasira. Neno fisadi, ambalo kamusi za zamani zililieleza kama mtu mpotovu, hasa katika mambo ya zinaa, lilihamia kwa mwizi wa mali ya umma, na tangu mkutano wa hadhara wa Mwembe Yanga wa Septemba 2007, ambapo orodha ya watuhumiwa ilisomwa, maana ya zamani imekuwa ikifa polepole.

Zedi ya Ze

Jina la kundi linastahili uchambuzi wa kiisimu ambao halijaupata. Ze ni kibainishi cha Kiingereza kilichotamkwa na mtu asiye na kikwamizo cha meno. Wengi wameishia hapo: ni mzaha juu ya Kiingereza kibovu. Lakini Kiswahili Sanifu kina sauti hiyo hiyo, katika dhambi, dhahabu na fedha, na wasemaji wengi wa bara ambao lugha zao za kwanza hazina sauti hiyo hutamka zambi, zahabu na feza. Kizigua ni mojawapo ya lugha hizo. Kwa hiyo zedi ya Ze haimhusu Mwingereza hata kidogo. Ni zedi ya msemaji wa Kiswahili wa bara, yule anayesahihishwa na mwalimu wa darasa la tatu, anayechekwa na mtu wa pwani, na ambaye akipanda jukwaani kugombea udiwani hujitahidi kupita kiasi hata akasema dhawadi badala ya zawadi.

Jina la pili linakwenda mbali zaidi. Katika Orijino, konsonanti ya mwisho ya neno la Kiingereza imeanguka na silabi imefungwa kwa irabu. Katika Komedi, tahajia yote imekuwa ya Kiswahili. Neno linalodai uhalisi limeandikwa kwa namna inayoonyesha kwamba limekopwa na kufinyangwa upya. Kundi lililopoteza jina lake kwa kuhama kituo linajiita la asili, na linafanya hivyo kwa tahajia ya mitaani. Huo ni utani wa hali ya juu, na pengine ni mzaha bora kuliko mingi iliyomo ndani ya kipindi.

Jina Masanja Mkandamizaji limejengwa kwa fundi huohuo. Masanja ni jina la Kisukuma, na kwa masikio ya mjini hubeba picha ya mtu wa kijijini. Mkandamizaji limetokana na kitenzi kandamiza, ambacho katika Kiswahili cha siasa kimebeba mzigo mzito tangu enzi za hotuba za ukombozi: mkoloni ndiye aliyekandamiza, na mnyonge ndiye aliyekandamizwa. Kumpa mtu wa kijijini cheo cha mkandamizaji ni kuvunja sentensi ya hotuba ya kisiasa katikati. Anayecheka hana haja ya kulieleza hilo ili alifurahie.

Hapa, hata hivyo, ndipo tatizo linapoanza kuonekana. Lafudhi ya bara inatumika katika vichekesho hivi kwa kazi mbili zinazovutana. Kwanza, ni kinyago: mjinga wa kijijini anaweza kusema mbele ya waziri kile ambacho msomi hawezi, kwa sababu anahesabiwa kuwa hajui anachosema. Pili, ni shabaha: hadhira ya mjini humcheka mjinga huyo kwa vile anavyosema, kabla haijasikia anachosema. Mchekeshaji hodari huzipanga kazi hizo mbili kwa mfuatano, kicheko cha lafudhi kikifungua mlango na kicheko cha hoja kikiingia. Mchekeshaji mvivu huishia mlangoni. Wahusika wa vipindi vingine vya miaka hiyo, akiwamo Mkwere wa kipindi cha Mizengwe cha ITV, wanaonyesha jinsi jina la kabila lilivyotosha kuwa kitambulisho kamili cha mhusika. Na kwa kuwa Rais wa wakati huo alikuwa Mkwere pia, jina hilo lilibeba mwangwi ambao haukuhitaji kuelezwa kwa yeyote. Ulikuwa utani mtupu: kumfikia mkubwa kupitia kabila lake, njia ambayo desturi imeifungua na ambayo mkubwa hawezi kuifunga bila kujivunjia heshima.

Viongozi kama watunzi

Kejeli ya miaka hiyo ilikuwa na mshindani mkubwa, nao ni viongozi wenyewe. Mwezi Aprili 2008, Waziri wa Miundombinu, Andrew Chenge, aliulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni moja za Marekani zilizokuwa katika akaunti yake kisiwani Jersey, naye akaziita vijisenti. Siku chache baadaye alijiuzulu uwaziri, lakini neno lilibaki. Ni neno linalostahili kuwekwa katika mitaala ya mofolojia. Senti peke yake ni sehemu ndogo ya shilingi ambayo karibu haitumiki tena sokoni. Kiambishi vi- kingetosha kuidunisha: visenti. Kuongeza -ji- ni kuidunisha iliyokwisha kudunishwa, kama kijitu kinavyozidi kudharaulika. Kwa hiyo msemaji aliichukua fedha nyingi, akaiweka katika kipimo kidogo kuliko vyote, kisha akakipunguza kipimo hicho mara mbili. Hakuna mwandishi wa vichekesho ambaye angeweza kulitunga neno hilo bila kuambiwa ametia chumvi.

Miaka sita baadaye, katika sakata la akaunti ya Escrow, waziri mwingine alieleza kwamba alitoa milioni kumi kati ya fedha alizopewa kwa ajili ya mboga. Utaratibu ni uleule. Mboga, katika nyumba ya kawaida ya Kitanzania, ni kitoweo kinachosindikiza ugali, na hela ya mboga ni ile inayoachwa mezani asubuhi. Nchi nzima ilikokotoa papo hapo nyumba yake ingekula mboga kwa miaka mingapi kwa fedha hizo.

Mifano hii miwili inaonyesha namna lugha ya kiongozi aliyebanwa na janga inavyofanya kazi: inapunguza. Inadunisha kiasi, inafanya jambo la umma lionekane la nyumbani, inaligeuza la hatari liwe la kawaida. Na hapa mchekeshaji ana chaguo ambalo ndilo hasa linalopima ustadi wake. Anaweza kulirudia neno kwa sauti ya waziri, watu wakacheka kwa kulitambua. Hiyo ni kazi ya kasuku, na ndiyo inayofanyika mara nyingi. Au anaweza kulitoa neno kinywani mwa waziri na kulitia kinywani mwa mtu ambaye kwake linarudia ukubwa wake wa kweli: muuza mahindi anayepunjwa kwenye debe, na anayesema alipewa vijisenti kwa maana halisi ya neno. Katika njia ya kwanza waziri anabaki kuwa mhusika mkuu, na, ajabu ilioje, anapata umaarufu. Katika njia ya pili neno linahukumiwa kwa kulinganishwa na maisha. Njia ya kwanza ni ya mtani. Ya pili inamkaribia shahidi.

Nairobi: sauti na kikaragosi

Ulinganishi na Kenya huwa unafanywa kwa haraka, kwamba Wakenya ni wajasiri na Watanzania ni waoga. Hoja hiyo haina uzito. Redykyulass ya mwishoni mwa miaka ya 1990, iliyoanzishwa na vijana watatu waliokutana katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, John Kiarie, Walter Mong'are na Tony Njuguna, ilimwigiza Rais Daniel arap Moi angali Ikulu, jambo ambalo miaka kumi kabla lingeweza kumpeleka mtu kizuizini. Ujasiri ulikuwapo. Lakini mbinu yake kuu ilikuwa mwigo wa sauti: uzito wa koo la Moi, mapumziko yake, rungu lake. Sauti hiyo ilikuwa imesikika redioni kila siku kwa zaidi ya miaka ishirini hata ikawa mali ya umma, na Mong'are aliirudisha kwa wenyewe. Ilikuwa tiba ya hofu. Haikuwa, na pengine haikukusudiwa kuwa, uchambuzi wa maamuzi. Yaliyofuata yanasema mengi: Kiarie aliingia Bungeni mwaka 2017 kama mbunge wa Dagoretti Kusini, na Mong'are alijaribu kugombea urais mwaka 2022. Umbali kati ya anayeiga na anayeigwa ulikuwa mfupi kuliko watazamaji walivyodhani.

The XYZ Show, iliyoanza Citizen TV mwaka 2009, ni kazi ya aina nyingine. Mwasisi wake ni Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, mchora katuni aliyezaliwa Dar es Salaam, na mfano wake ulitoka Ufaransa na Uingereza, katika vipindi vya Les Guignols de l'info na Spitting Image. Kilizaliwa mara tu baada ya janga kubwa kuliko yote katika historia ya Kenya huru, machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na kikaishi pamoja na serikali ya mseto iliyotokana na mapatano ya Februari 2008. Vikaragosi vyake vya mpira vilikuwa na faida ambayo haijasisitizwa ipasavyo. Mwigizaji hai akimwiga rais, sehemu ya kicheko humwendea mwigizaji: tazama alivyomweza! Pongezi hizo hulainisha makali ya kejeli, na rais mwenye busara huweza kuzishiriki, akamwita mchekeshaji Ikulu akampa mkono. Kikaragosi hakipewi mkono. Hakipendwi. Uso wake haubadiliki, kwa hiyo jicho la mtazamaji huhamia kwenye kinachotendwa: nani amekaa na nani chumbani, nani anatia sahihi, nani anamsukumia mwenzake lawama. Ni mwigo wa uamuzi.

Kuna sababu nyingine iliyoisukuma XYZ kuelekea huko. Baada ya 2007, kumfikia kiongozi kupitia kabila lake hakukuwa utani tena nchini Kenya. Sheria ya Utangamano na Maridhiano ya Kitaifa ya 2008 ilikuwa imeifanya lugha ya chuki ya kikabila kuwa kosa. Isidhaniwe kwamba lafudhi za makabila zilitoweka katika vichekesho vya Kenya: Churchill Live ilizitumia kwa mafanikio makubwa. Lakini pale ambapo siasa ilihusika, njia ya mtani ilikuwa imejaa damu, na waandishi walilazimika kutafuta njia nyingine. Tanzania haikulazimika. Njia ya utani ilibaki wazi, salama na yenye watu wengi, na hilo lilikuwa neema kwa taifa na hasara kwa kejeli.

Kwa nini Mtanzania aliyebuni vikaragosi hivyo alivibuni Nairobi? Sehemu ya jibu ni soko na mtaji. Sehemu nyingine inahusu mahali pa kusimama. Ze Orijino Komedi ilikuwa ndani ya televisheni ya taifa, na mtani, hata katika desturi, hupewa chakula katika nyumba anayoidhihaki. Hakuna aibu katika hilo. Ndiyo kanuni ya utani. Aibu ingekuwa kwa mhakiki kutarajia ushahidi kutoka kwa mtu aliyekaribishwa kama mtani. Kuonekana kwa wachekeshaji katika majukwaa ya kampeni za vyama, jambo ambalo limewaudhi baadhi ya mashabiki wao, kunaeleweka vivyo hivyo.

Pasipo mtani

Utani hudumu kwa ridhaa ya pande mbili. Katika nusu ya pili ya muongo wa 2010, ridhaa hiyo ilipungua sana kwa upande wa juu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliuweka mzaha wa simuni chini ya jicho la dola. Mwezi Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan alitakiwa kufika polisi baada ya kuweka mtandaoni picha zilizobadilisha uso wake na wa Rais John Magufuli. Mei 2020 alishikiliwa tena baada ya video iliyomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais akiwa amevaa suti kubwa kuliko mwili wake. Tukio la pili linaeleza zaidi. Katika video ile hapakuwa na hoja, wala mwigo, wala neno la siasa. Palikuwa na kicheko tu. Mtu hucheka picha za ujana za jamaa yake, za mjomba wake, za mtani wake. Kukamatwa kwake kulitangaza kwamba uhusiano huo haupo.

Mwezi huohuo nchi ilikuwa katika janga la korona. Takwimu za maambukizi zilikuwa zimekoma kutolewa mwishoni mwa Aprili, zikiwa zimefikia wagonjwa 509, na Rais alikuwa ameeleza hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara zilirudi na majibu ya kuwa na virusi. Kama zamani za vijisenti, kiongozi alikuwa amempa mchekeshaji malighafi isiyohitaji kuongezwa chumvi. Papai lilitaniwa, lakini lilitaniwa kwa ujumbe wa simu kutoka mtu hadi mtu, bila jina la mtunzi: yaani lilirudi katika fasihi simulizi. Mhakiki wa miaka ijayo atakayetafuta kejeli ya Tanzania kuhusu janga hilo hataipata katika maktaba za vituo vya televisheni.

Kuketi Kwamsisi

James Giblin, katika utafiti wake kuhusu Handeni uliochapishwa 1992, alionyesha kwamba kwa karne nzima, kuanzia 1840 hadi 1940, mamlaka katika eneo hilo yalipimwa kwa uwezo wa mkubwa wa kuwavusha watu wake katika njaa na maradhi ya mifugo. Mkubwa asiye na akiba hakuwa mkubwa. Majina mengi ya mahali katika Handeni na Korogwe huanza na Kwa-, na mengi kati yake hudokeza mtu: kwa fulani, mahali pa fulani. Ni ramani iliyoandikwa kwa majina ya watu ambao wenzao walikwenda kwao.

Mtazamaji aliyerithi kipimo hicho anakiangalia kichekesho cha televisheni kwa namna yake. Kwanza, anagharimika. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa mkoani Tanga mwishoni mwa Januari 2013, televisheni inahitaji king'amuzi. Pili, anapocheka zedi ya Ze anacheka zedi yake mwenyewe, na hilo halimzuii kucheka. Wazigua wana watani wengi na wamezoea kuwa upande wote wa mzaha. Lakini janga lake la kila mwaka ni maji. Mradi wa Handeni Trunk Main, unaoitwa HTM kwa kifupi, ulijengwa katika miaka ya 1970 ili kuyaleta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, na vizazi viwili vya wagombea vimepanda jukwaani kuahidi ama kuukarabati ama kuupanua. Anayeahidi ni diwani au mbunge. Anayeulizwa bomba linapokauka ni mtendaji wa kata au mwenyekiti wa kitongoji. Hawa hawana sauti inayofahamika nchi nzima. Hawaigiziki kwa koo. Mwigo wa sauti, ambao ndio nguzo ya vichekesho vya utani, hauna la kufanya nao.

Kinachowezekana kuigizwa ni kikao: meza, muhtasari, chai iliyopoa, ramani ya bomba, na sababu iliyofanya bomba lipite huku lisipite kule. Igizo la namna hiyo linahitaji mwandishi aliyesoma nyaraka kabla ya kutafuta mzaha, na linahitaji kituo kitakachomlipa kwa wiki anazosoma. Ze Orijino Komedi ilikuwa na waigizaji wa kutosha kulibeba. Joti peke yake, aliyezoea kuwa mzee, mama na mtoto katika kipindi kimoja, angejaza viti vyote vya kikao hicho, pamoja na kile cha mwenye kiti ambaye hakufika.